Stesheni ya Voi ndani ya chumba kimoja cha Manchester

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua treni kabla sijapima chumba.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita mwenzangu wa wodini, naye mtu wa Mombasa, aliniuliza mtu anaanzaje na treni ndogo za umeme. Mwanawe wa miaka 9 ameshikwa nazo na Krismasi haiko mbali. Nilianza kumjibu wakati wa chai, tukamalizia usiku kwenye maegesho ya magari. Mimi sikuwa na wa kumwuliza. Kutojua huko kulinigharimu pesa nyingi na zaidi ya mwaka mzima wa kazi iliyobidi ivunjwe. Basi haya ndiyo niliyoyapitia.

Nilizaliwa Voi, Kenya, mwaka 1968, kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi. Baba alikuwa fayamani, mtunza moto, wa zile injini za mvuke za daraja la 59, aina ya Garratt, zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi hadi miaka ya sabini ilipokuwa ikiisha. Zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja, na hakuna reli ya upana wa mita moja popote duniani iliyowahi kuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Sisi watoto hatukuhitaji kuambiwa inakuja, kwa sababu vikombe vilianza kutetemeka mezani kabla ya honi kusikika. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na Baba akirudi kazini hakusema alikuwa safarini, alisema, "Nilikuwa na Gelai," kama anayemtaja jamaa.

Nilikuja Uingereza mwaka 2002 kufanya kazi ya uuguzi. Mwaka 2006 nikapata nyumba Gorton, mashariki mwa Manchester, kwa sababu moja tu: kodi yake ilikuwa nafuu. Nilipompigia Baba kumpa habari akaniambia, "Manchester? Injini zetu zilikuwa na kibao cha shaba ubavuni, kimeandikwa Beyer, Peacock, Manchester. Mimi nimekipangusa kile kibao miaka na miaka." Nikamwitikia, nikasahau. Miaka 12 ikapita. Siku moja nikiwa kituo cha basi, mzee mmoja wa Kiingereza akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia Kenya akasema babake aliajiriwa kwenye kiwanda kilichotengeneza magari ya moshi ya Kenya, na kwamba kiwanda hicho kilikuwa hapa hapa Gorton, mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwangu. Kilifungwa mwaka 1966. Zile 59 zote, 34 kwa hesabu, zilitoka hapo katikati ya miaka ya hamsini, zikapakiwa melini mpaka Mombasa. Miaka 12 nimekuwa nikipita karibu na mahali pale nikienda kununua maziwa, na hakuna aliyeniambia.

Hiyo ilikuwa Novemba 2018. Desemba nikanunua treni.

Ilikuwa boksi la kuanzia, pauni 165: injini ndogo ya kijani, mabehewa mawili, reli za kutosha duara, na transfoma. Nikaitandaza sebuleni juu ya zulia, nikazima taa kubwa, nikakaa chini nikaitazama ikizunguka hadi saa saba usiku. Nilikuwa na miaka 50. Sikuwahi kumiliki kitu cha kuchezea chenye moto ndani yake, na furaha ile sitaificha.

Lakini zulia ni adui. Nyuzi na nywele hujisokota kwenye ekseli, zikapanda hadi kwenye gia, na wiki ya tatu injini ikaanza kukwaruza. Fundi alichukua pauni 30 kutoa kitu ambacho ningeweza kukizuia kwa kuweka reli juu ya meza. Hata kama ni usiku wa kwanza na mtoto analia anataka kuiona ikienda, itandaze juu ya meza au kipande cha plaiwudi.

Kufikia Februari nilikuwa nimeichoka. Treni inayozunguka duara haina mahali inapokwenda, na macho huligundua hilo upesi. Hapa ndipo watu wengi hurudisha boksi darini na kuachana na mambo haya. Mimi nilifanya kinyume, nikadhani dawa ni kuongeza. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku nafungua simu, naingia kwenye minada ya mtandaoni, nanunua: mabehewa ya abiria ya Ujerumani, nyumba za Kiingereza, daraja, injini mbili za dizeli. Vitu vilikuwa vizuri, ila havikuwa vya familia moja.

Kuna mambo mawili ambayo lazima uyatenganishe akilini kabla hujatoa senti. Moja ni skeli, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi. La pili ni upana wa reli, yaani umbali kati ya chuma cha kushoto na cha kulia. Hapa Uingereza skeli iliyozoeleka inaitwa OO, mara 76. Bara Ulaya na Marekani wanatumia HO, mara 87. Zote mbili hukimbia kwenye reli ile ile ya milimita 16.5. Sababu yake ni ya zamani: injini halisi za Uingereza ni nyembamba, na mota za enzi hizo hazikuenea ndani yake zikipunguzwa mara 87, kwa hiyo watengenezaji wa hapa wakakuza bodi na kuiacha reli ilivyokuwa. Matokeo yake, behewa la Kijerumani na la Kiingereza yatakwenda kwenye reli moja bila shida yoyote, ila ukiyatazama kwa makini, abiria wa moja ni baba na wa jingine ni mtoto. Mimi niliona kuna kitu hakikai sawa kwa miezi minane bila kujua ni nini.

Kosa la bei kubwa zaidi lilikuwa injini ya Märklin, kampuni ya Kijerumani, mtumba safi wa pauni 140. Nilisoma tangazo: HO, milimita 16.5. Nikaona inafaa. Nilipoiweka relini transfoma ilitoa mlio mfupi ikajizima. Nikajaribu tena, vile vile. Nikamwandikia muuzaji maneno makali, na alikuwa hana hatia yoyote. Märklin za aina hiyo huchukua umeme kwenye vinundu vidogo vilivyo katikati ya reli mbili, na magurudumu yake ya kushoto na kulia yameungana kiumeme. Ukiiweka kwenye reli za kawaida, ambapo upande mmoja ni chanya na wa pili ni hasi, unakuwa umeziunganisha pande hizo kwa chuma. Nilimwomba radhi yule bwana. Injini niliiuza pauni 90. Mtu akikuuzia mtumba, mwulize swali moja kabla ya lingine lolote: ni ya reli mbili au ya reli tatu?

Mwisho wa 2019 nilipiga hesabu nikakuta nimetumia pauni 1,140. Nilikaa kitandani na daftari nikaona aibu, maana ada ya mpwa wangu ya muhula ilikuwa chini ya hapo. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mtego huu una umri mrefu. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, Märklin walileta reli zinazouzwa vipande vipande, zenye upana uliopangwa, ili anayenunua treni mwaka huu aongeze njia panda mwaka ujao na daraja mwaka unaofuata. Wengine wote, pamoja na Frank Hornby wa Liverpool aliyeanza kuuza treni zake mwaka 1920, wakafuata mtindo huo. Ndiyo maana burudani hii haijafa na ndiyo maana inakula pesa: haina siku ya kumalizika. Rod Stewart, yule mwanamuziki, alijenga mji wake mdogo wa reli kwa zaidi ya miaka 20, na akienda ziara za muziki alibeba kazi yake na kuifanyia chumba cha pili cha hoteli. Mimi nilihitaji kuamua mapema kiasi ambacho sitakivuka kwa mwezi, na sikuamua. Sasa hivi ni pauni 25. Kisichonunulika kwa pauni 25 kinangoja.

Darini, chini ya paa la nyumba, nilianza kujenga kiangazi cha 2019. Fundi alinisaidia kupandisha mbao mbili, tukapata meza ya mita 2.4 kwa 1.2. Niliisukuma ukutani kwa pande tatu ili nibaki na nafasi ya kusimama. Treni ya kwanza iliyoanguka ilianguka kwenye kona ya mbali, na mkono wangu haukufika. Mkono wa mtu mzima hufika sentimita 70 au 75, basi. Zaidi ya hapo utapanda juu ya meza kwa magoti, na mimi nilipanda, nikavunja nyumba tatu.

Halafu kulikuwa na hali ya hewa. Reli nyingi nilizigongomea Januari 2020, dari likiwa baridi kama jokofu, na nilijivunia jinsi nilivyozibananisha bila kuacha mwanya. Juni jua lilipopiga vigae, joto likapanda, reli zikakosa pa kutanukia, zikajikunja na kuinuka kutoka kwenye ubao. Baba alicheka sana niliposimulia baadaye. Alisema genge la reli la Voi lisingefanya hivyo hata likiwa limelewa. Kila maungio yana mwanya wake, na mwanya huo ndio unaolia tatata, tatata chini ya behewa. Ninyi mnaojenga darini, acheni mwanya wa unene wa kadi ya simu kila baada ya mita moja hivi. Kama mna chumba cha kawaida, liacheni dari kabisa.

Na kulikuwa na lile pindo. Nilitaka treni iende mpaka mwisho, izunguke, irudi kwenye njia ile ile ikiwa imegeuza uso. Niliilaza reli, nikawasha, umeme ukakata. Nilibadilisha transfoma. Ukakata. Wiki tatu nilikuwa nikitafuta waya uliokatika, na hakukuwa na waya uliokatika. Chukua kalamu mbili za rangi uchore reli mbili zinazozunguka na kurudi zilikotoka: ya kushoto itakuja kukutana na ya kulia. Ni lazima pindo hilo litenganishwe na reli nyingine kwa mianya kwenye reli zote mbili, mwanzoni na mwishoni, na liwe na swichi yake ya kugeuza chanya na hasi wakati treni imo ndani. Kitu cha dakika tano kukieleza.

Lakini 2020 ilikuwa na mengine.

Sitaandika mengi kuhusu wodi. Walioifanya kazi ile mwaka ule wanajua. Aprili, Mama akafariki Voi. Ndege za abiria za kwenda Kenya zilikuwa zimesimamishwa. Nilimzika Mama kwenye simu, mtandao ukikatika, picha ikiganda juu ya miguu ya watu waliosimama kwenye udongo mwekundu. Baada ya hapo nikawa nampigia Baba kila usiku, na sote wawili hatukuwa na la kusema. "Shikamoo Baba." "Marahaba mama." Umekula? Nimekula. Kimya.

Usiku mmoja nilimpigia nikiwa darini kwa sababu ndiko nilikokuwa nikikaa peke yangu. Akaona meza nyuma yangu, akauliza ni nini. Nikageuza simu nikamwonyesha yote: majani ya kijani, kanisa la Kiingereza, daraja la Kijerumani, reli zilizoinuka. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hapo ni wapi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia si mahali popote, ni reli tu.

"Reli huwa iko mahali," akasema Baba. Tukazungumza saa moja na nusu usiku ule. Alinitajia njia za stesheni ya Voi moja baada ya nyingine, tangi la maji lilipokaa, mahali reli ya Taveta inapochepuka, mti ambao madereva walikaa chini yake wakingoja zamu. Nilichora nyuma ya karatasi ya ratiba ya hospitali. Karatasi hiyo ninayo.

Hilo ndilo ningemwambia yeyote anayeanza, na ndilo nililomwambia mwenzangu pale maegeshoni: chagua mahali kabla ya kuchagua treni. Mahali pamoja, padogo, unapopajua au anapopajua mtu unayempenda. Ukishapata mahali, karibu maswali yote yaliyonitesa yanajijibu: skeli gani, upana gani, rangi gani, injini ipi ununue na ipi uiache dukani.

Kwangu yalijijibu hivi. Reli ya Kenya ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5. Nikagundua kwamba reli za milimita 12 za skeli ya HO zinauzwa tayari, kwa sababu reli za milimani za Uswisi nazo ni za mita moja na wapenzi wake ni wengi. Kwa hiyo mataruma na njia panda zangu zilitengenezwa kwa ajili ya theluji. Nikayapaka rangi ya kutu, maana Baba alisisitiza: mataruma ya kwetu ni chuma, mbao zingeliwa na mchwa.

Klabu niliingia mwaka 2021. Nilikuwa nimeiogopa, niliona picha, wazee watupu wa Kizungu, nikajua nitakuwa mwanamke pekee na Mwafrika pekee. Nilikuwa hivyo kweli. Jumanne ya kwanza nilisimama karibu na mlango na begi langu, hakuna aliyenisemesha kwa dakika 20, nikaanza kufunga koti. Ndipo fundi umeme mmoja mstaafu akauliza begini mna nini. Nilimwonyesha mchoro wa Voi. Aliuweka mezani, akawaita wenzake, na kufikia saa nne usiku walikuwa wakibishana kuhusu urefu wa njia ya kupishania treni kama vile wao ndio watakaoiendesha. Ada ni pauni 60 kwa mwaka, na pesa hizo zimeniokolea mara kumi yake. Yule mzee ndiye aliyenifundisha kulehemu kwa risasi: pasha moto waya na reli kwanza, risasi iyeyuke juu yake yenyewe, na dirisha liwe wazi. Yeye pia ndiye aliyeniambia nivunje meza ya darini. Tuliikata kwa msumeno Jumamosi moja, na niliumia kuliko nilivyotarajia.

Voi yangu imekaa kwenye rafu mbili za sentimita 120 kwa 40, zinazounganishwa kwa bolti, kwenye chumba kidogo cha juu. Hakuna duara. Treni inatoka nyuma ya pazia upande mmoja, inasimama stesheni, inapotelea nyuma ya pazia upande wa pili. Sikuitaka dijitali, ule mfumo wa kuiamuru kila injini peke yake: kwa stesheni moja na treni mbili, transfoma ya kawaida ya volti 12 na swichi chache za kukata umeme kipande kwa kipande zinatosha, na kitu kikiharibika naweza kukifuata kwa kidole. Reli ya Taveta ilibidi niishie nayo hatua mbili tatu baada ya kuchepuka. Inaniuma hadi leo.

Udongo ndio uliochukua muda. Madukani hapa kila kitu ni cha mashamba ya Uingereza, kijani na kijivu. Nilijaribu rangi za kopo, Baba akakataa zote. Kisha jirani akabomoa ukuta wa bustani. Manchester ni mji wa matofali mekundu, na nilipookota kipande na kukivunja nikaona rangi ninayoijua. Nilitwanga tofali kwenye kinu changu cha viungo, nikachekecha kwa kichujio cha chai, mara ya kwanza kupata changarawe, mara ya pili kupata vumbi. Kabla ya kulimwaga, pitisha sumaku ndani ya vumbi lolote unalookota mwenyewe. Chembe za chuma zikibaki, mota ya injini itazivuta na kujiua. Sumaku yangu ilitoka na ndevu nyeusi.

Kokoto na vumbi vinashikwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, na tone la sabuni ya vyombo ili iingie badala ya kusimama juu kama shanga. Lowesha kwanza kwa maji, kisha dondoshea gundi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na hapo kazi yangu ilinisaidia. Ila kaa mbali na ndimi za njia panda, zile reli nyembamba zinazosogea kuibadilishia treni njia. Moja niliigandisha ikabaki imeelekea Mombasa milele, na kuing'oa ni kuharibu kila kitu kilichoizunguka. Paka tone la mafuta kwenye ndimi kwanza, na uzichezeshe kila dakika kumi gundi inapokauka.

Nyasi kavu ni kamba ya katani. Niliikuta kwenye duka la bustani, nikaikata vipande vya nusu sentimita, na harufu yake ilinirudisha moja kwa moja kwenye mashamba ya mkonge ya Voi. Nilisimama pale chumbani nimeishika kamba puani. Tembo wanne niliowapanga nyuma ya tangi niliwapaka vumbi la tofali, kwa kuwa tembo wa Tsavo ni wekundu, na mgeni aliyeniambia nimekosea rangi nilimfafanulia kwa furaha.

Garratt yenyewe haikuwa ya kununua dukani. Kijana mmoja wa klabu aliichora kwa kompyuta kutoka kwenye picha, akaichapisha kwa printa ya 3D, tukaiweka juu ya fremu mbili ndogo za magurudumu. Pauni 210 kwa jumla na miezi saba. Ina urefu wa sentimita 36. Kabla ya kuipaka rangi nilikwenda kwenye Jumba la Makumbusho la Sayansi na Viwanda hapa mjini, ambako wana Garratt moja kubwa iliyotengenezwa Gorton ikafanya kazi Afrika Kusini. Si ya kwetu. Za kwetu mbili ziko makumbusho ya reli Nairobi, Gelai na Shengena. Lakini niliposimama karibu na magurudumu yake nilielewa jinsi injini hizi zinavyopinda: tangi la mbele na la nyuma hukaa kila moja juu ya magurudumu yake, na boila inaning'inia katikati kama machela. Yangu ilipokwenda mara ya kwanza iliruka reli kila kona, kwa sababu nilikuwa nimekunja kona kali. Ikabidi kona za nyuma ya pazia zipanuliwe hadi nusu kipenyo cha sentimita 65. Pima kona zako kwa injini ndefu kuliko zote utakazokuwa nazo.

Usafi wa reli sitauongelea sana: pombe ya kusafishia vidonda na kitambaa kisichotoa nyuzi, kila kabla ya kuendesha. Msasa usiuguse. Mikwaruzo yake ndiyo inayohifadhi uchafu.

Tangu 2018 nimetumia karibu pauni 3,400. Voi peke yake, rafu, reli, umeme, Garratt na mabehewa tisa, haikufika 900. Zilizobaki ni ada ya kujifunza, na baadhi ya vitu bado viko kwenye maboksi kwa sababu naona uchungu kuviuza kwa nusu bei.

Baba ana miaka 84 sasa. Kusikia kumepungua lakini macho yako. Machi mwaka huu nilimpigia kwa video nikamwambia imekwisha, nikaisimamisha 59 kwenye njia kuu ikitazama Mombasa, na nyuma yake behewa la kupumzikia, maana safari ndefu zilikuwa na wafanyakazi wa zamu mbili na wa pili walilala humo. Aliitazama. Akaniambia tangi la maji nimeliweka upande usio wake, nikalihamisha palepale. Akauliza mchanga uko wapi. Injini zile zilichoma mafuta, na fayamani alitupa mchanga tanurini ili ukwangue masizi kwenye mabomba. Lazima kuwe na ndoo ya mchanga. Nikamwahidi ndoo.

"Haya, naiachia, Baba," nikasema.

"Ngoja, mama. Reli ni moja. Maungu kuna nani?"

Maungu ni stesheni ya upande wa Mombasa. Nikamwambia hakuna mtu, treni ni hii tu.

"Haiwezekani. Kuna mtu anapanda. Muweke huyu pembeni."

Nikairudisha nyuma Garratt, nikaiingiza njia ya kupishania, nikazima swichi ya kipande kile. Nikaenda nyuma ya pazia, nikapanga mabehewa sita ya mafuta nyuma ya dizeli, nikaileta treni hiyo polepole, polepole zaidi ya nilivyowahi kuendesha chochote, ikapita mbele ya stesheni, mbele ya mti wa madereva, ikapotea kuelekea Nairobi. Baba alikuwa amekaribiana na simu mpaka nikawa naona jicho moja tu.

"Sasa iweke simu chini," akasema. "Chini kabisa, karibu na reli. Halafu mpe njia."